Nane kwa Kila Kilima

Mheshimiwa Mwakilishi Wadi. Padri wetu na Mchungaji wetu, ambao leo mmekubali kuketi benchi moja. Bi Mkurugenzi wa Umoja wa Redio za Zahanati. Wanakamati wenzangu kutoka Kisii na Nyamira. Wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa, wazazi wa Mhandisi Mokeira. Na ninyi nyote mlioacha majani chai yakikomaa shambani ili mje kumuaga binti huyu: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Hamjambo?

Kwa wasionijua, mimi ni Nehemiah Masese wa Magwagwa. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, kumi na minne kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na tangu nistaafu nimekuwa mwenyekiti wa kamati inayosimamia redio hizi. Ratiba mliyo nayo mkononi inasema nina dakika tano za kutoa shukrani, kisha keki ikatwe. Nitazidisha. Fundi wa kipaza sauti nimeshamwomba asikizime, na ameniahidi, na mimi ahadi za watu huwa naziandika.

Nimepewa pia karatasi ya kusoma. Imechapwa vizuri. Inasema kwamba Mhandisi Mokeira anaondoka kwa hiari yake kutafuta nafasi bora zaidi, na kwamba Umoja unamtakia kila la heri. Nimeisoma mara tatu tangu asubuhi, na kila nikifika kwenye neno "hiari" naona haya. Mtaniwia radhi, Bi Mkurugenzi. Naikunja, naitia mfukoni, na nitasema yale niliyokuja kusema.

Ndugu wageni, ninyi mnajua kwa nini tuna redio. Huku kwetu mvua haitumi barua. Saa nane jua linawaka, saa tisa na nusu mawe ya barafu yanatwanga mabati, umeme umekwenda, na simu iliyokuwa na vijiti vinne vya mtandao haina hata kimoja. Na akina mama hawajifungui kwa kufuata hali ya hewa. Ndiyo maana Umoja ulisimamisha milingoti minne, mmoja kwenye kilima cha karibu na mji, mmoja Kenyenya, mmoja Nyamarambe na mmoja kwetu Magwagwa, ili muuguzi aliye zahanati ya bondeni aandike ujumbe wake, ujumbe upite milingoti yote minne kwa wakati mmoja, na hospitali ya rufaa iupokee hata kama mbingu imefunguka.

Akaletwa Mokeira kuufanya ujumbe huo ufike salama. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na buti za mpira. Kwa muda wa miezi mitano, kuanzia Oktoba, hakufanya kitu kingine ila kupima. Asubuhi yuko Nyamarambe, mchana yuko Kenyenya, jioni nilimkuta mwenyewe chini ya mikaratusi iliyo mbele ya mlingoti wetu, amelowa mpaka kwenye mifupa, anaandika kwenye daftari alilolifunika kwa mfuko wa plastiki. Nilimuuliza kama aliajiriwa kupima redio au kupima mvua. Akanijibu kwa adabu kwamba hapa kwetu vitu hivyo viwili ni kimoja. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani. Leo sicheki.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chote, na kama mwalimu mzee wa historia ameelewa, hakuna atakayenidanganya kwamba yeye hakuelewa. Kila mlingoti ni njia, na njia tatu kati ya hizo nne zilikuwa nzuri kwa viwango mbalimbali. Ya mji ilikuwa bora, ya Kenyenya ikaifuata, ya Nyamarambe ilikuwa ya wastani. Ya Magwagwa ilikuwa mbaya. Mlingoti wetu tuliusimamisha nyuma ya mikaratusi, kwenye kiwanja nilichokitoa mimi, kwa sababu nilitaka uonekane kutoka barabarani. Asubuhi unasema vizuri. Mvua ikinyesha na majani yakilowa, unapayuka.

Mokeira alitumia msimbo unaoitwa wa pola, ule ule unaotumika ndani ya simu hizi mpya za kizazi cha tano. Kazi yake ni kusahihisha makosa ya njiani. Katika kikao cha kamati cha Machi alituambia kwamba kila kipande cha ujumbe kina nafasi sitini na nne, kumi na sita kwa kila mlingoti, na kwamba nafasi hizo huchanganywa pamoja kwa hesabu kabla ya kutumwa. Zikishachanganywa, zinaachana: nyingine zinakuwa imara karibu kabisa, nyingine zinakuwa dhaifu karibu kabisa. Habari ya mgonjwa unaiweka kwenye zile imara thelathini na mbili. Kwenye zile dhaifu unaweka sifuri, ambazo muuguzi anazijua na hospitali inazijua hata kabla ujumbe haujatumwa.

Tukamuuliza sifuri za kazi gani. Akatupa mfano wa kwaya ya kanisa letu. Mnamjua Manasseh. Ni mtu wa Mungu, hakosi mazoezi, na sauti yake haijawahi kukaa mahali pamoja kwa muda wa ubeti mzima. Mwalimu wa kwaya hakumfukuza. Alimpa noti moja tu, ile ile mwanzo mpaka mwisho, ambayo kila mtu anaijua. Akiteleza, wenzake wanajua ameteleza kiasi gani, wanajirekebisha, na wimbo unafika. Mokeira akasema sifuri ni noti ya Manasseh. Haibebi maneno, lakini ndiyo inayomsaidia msikilizaji kuyaokota maneno ya wengine. Manasseh mwenyewe, aliyekuwa mle ndani kama mjumbe wa kanisa, alicheka kuliko sisi sote.

Kisha akabandika jedwali ukutani. Nafasi za habari: mji, kumi na tatu. Kenyenya, kumi na moja. Nyamarambe, nane. Magwagwa, sifuri.

Ndugu zangu, mimi niliyegawa sifuri kwa miaka thelathini na mmoja sikuwa tayari kupewa moja mbele ya watu.

Nilisimama. Nilikumbusha kikao kwamba ni mimi niliyetoa kiwanja, na kwamba siku mlingoti uliposimama tulichinja ng'ombe na kila nyumba ikapata pande lake. Niliuliza watu wangu nitawaambia nini: kwamba mlingoti walioushangilia hauaminiwi hata neno moja? Nikaulizwa nataka nini. Nikasema nataka haki. Bwana Makori wa Nyamarambe, ambaye alikuwa hapendi zile nane zake zikiwa kando ya kumi na tatu za mji, aliniunga mkono kwa kusema kwamba barabara waligawiwa wengine, visima waligawiwa wengine, na sasa hata herufi wanagawiwa wengine. Ukumbi ukapiga makofi. Thelathini na mbili gawanya kwa nne ni ngapi? Nane. Nane kwa kila kilima. Hesabu ya darasa la tatu, na sote tukaona tumemshinda mhandisi kwa hesabu.

Mnaona kosa letu? Hatukuwa wajinga. Sisi ni watu tuliokaa kwenye kamati za kugawana maisha yetu yote, tukanyimwa mara nyingi, mpaka tukafika mahali ambapo tukiona kitu chochote kimewekwa mezani, hatuulizi ni cha nini, tunauliza fungu letu liko wapi. Tuligawa ujumbe wa mgonjwa kama tunavyogawa nyama.

Mokeira hakupandisha sauti. Aliniangalia mimi, akasema maneno ambayo karani aliyaandika kama alivyoyasema: "Mwalimu, hizi si nafasi za heshima. Ukiweka neno la mgonjwa kwenye njia usiyoiamini, umeigawia mvua."

Tukapiga kura. Mikono kumi na mmoja ilisema nane kwa kila kilima. Mkono mmoja ulikataa, wa Sista Zilpa Apondi, muuguzi wa zahanati ya bondeni, na nakumbuka kuna mtu alinong'ona kwamba yeye amekuja kutoka kando ya ziwa, haya ya vilima vyetu atayajulia wapi. Mokeira akaandika barua ya pingamizi. Barua hiyo tuliiweka chini ya "mengineyo", na mengineyo hayakujadiliwa kwa sababu chai ilikuwa imefika.

Mkataba wake ulisema kamati ndiyo yenye uamuzi. Akafanya tulivyoamua. Lakini alituambia, na hili pia limeandikwa, kwamba jedwali lake analiacha ndani ya mitambo, tayari, ili siku tukibadili mawazo iwe kazi ya dakika moja.

Mwezi mzima wa Aprili tulijisifu. Kila kijumbe cha asubuhi kilifika. Dawa za malaria zimekwisha: kimefika. Friji ya chanjo imeharibika: kimefika. Jioni vingine vilipotea, lakini vilirudiwa kesho yake, na nani alikuwa na haja ya kulihesabu jambo hilo? Mimi nilimtania Mokeira sokoni, nikamwambia kilima changu kinaimba.

Tarehe tisa Mei, saa kumi alasiri.

Haya nitakayoyasema nimeruhusiwa na mwenyewe. Yupo hapa, safu ya nyuma karibu na mlango, na amekataa kuja mbele, na hakuna atakayemlazimisha. Jina lake ni Sheila. Anatoka nyuma ya kilima changu, kwa wale wale watu wangu niliokuwa nikiwapigania. Siku hiyo alijifungua mtoto wa kike pale zahanati ya bondeni, mtoto akalia, kila mtu akafurahi, kisha damu ikaanza kutoka na haikukoma. Mawe ya barafu yalikuwa yameshaanza. Simu hakuna. Sista Zilpa, mkono mmoja ukimkanda mgonjwa tumbo, alitumia mwingine kuandika: mama anavuja damu, kundi O hasi, chupa mbili, njooni sasa.

Hospitali ilipokea takataka. Mitambo ikakataa, kama ilivyofundishwa, maana ni afadhali ikatae kuliko ipeleke kundi la damu lisilo lake. Sista akatuma tena. Ikakataa. Akatuma mara ya tatu, ya nne, ya tano. Zile nafasi nane tulizozipigia makofi zilikuwa zinapita kwenye mikaratusi yangu iliyolowa, zinafika zimevurugika, na kwa kuwa kila kitu kimechanganywa pamoja, zinavuruga na za wenzao.

Mnataka kujua kilichokosekana siku ile? Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa uani pa hospitali. Dereva, Calvince, alikuwa amekaa ndani yake akingoja mvua ipungue, na mafuta alikuwa ameweka mchana huo. Damu ya kundi hilo ilikuwepo kwenye friji, chupa tatu. Daktari alikuwepo. Kwa miaka mingi tumezoea kulia kwamba hatuna hiki wala kile. Siku ile tulikuwa na kila kitu, isipokuwa maneno kumi kufika kilomita ishirini na mbili.

Calvince alipata habari baada ya saa moja na dakika arobaini, kutoka kwa mtu wa bodaboda aliyetumwa kupitia matopeni. Sheila aliokolewa, Mungu ashukuriwe, na mikono ya Sista Zilpa ishukuriwe pia, maana haikuondoka mahali pake muda wote huo. Lakini ili aokolewe ilibidi atolewe kizazi. Ana miaka ishirini na miwili. Mtoto wake huyo wa kwanza ndiye wa mwisho, na uamuzi huo hakuufanya yeye wala mumewe. Tuliufanya sisi, kwa mikono kumi na mmoja, mwezi wa Machi, tukisubiri chai.

Jioni hiyo hiyo Mokeira alifungua mitambo na kulirudisha jedwali lake. Hakuuliza mtu. Tangu siku hiyo mpaka Jumapili ya leo ni wiki kumi na moja, na mvua mmeiona wenyewe, na Sista Zilpa anazo karatasi zote: hakuna ujumbe hata mmoja wa zahanati uliopotea. Mlingoti wa Magwagwa unatuma sifuri zake kumi na sita usiku na mchana, na hospitali inasikia wengine vizuri zaidi.

Mngefikiri basi tulimwita tukamwomba msamaha. Nani alimwita? Umoja uliunda kamati ndogo ya uchunguzi. Kamati hiyo ikakaa vikao vitatu, ikaandika ripoti ya kurasa kumi na tisa, na nimeileta, hii hapa. Ukurasa wa kumi na nne unasema kwamba kupotea kwa ujumbe wa tarehe tisa Mei "kulitokana na upungufu wa kitaalamu wa mhandisi mhusika". Ukurasa wa kumi na tano unasema mhandisi huyo huyo alibadilisha mgao wa nafasi bila idhini ya kamati, na kwamba mkataba wake usiongezwe. Someni kurasa hizo mbili pamoja. Ukurasa mmoja unamlaumu kwa kutokujua, wa pili unamlaumu kwa kujua. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angeniletea insha ya namna hiyo ningemrudishia aandike upya, na mzazi wake ningemwita.

Na leo tumepamba ukumbi. Tumemnunulia sahani ya mawe ya sabuni kutoka Tabaka iliyochongwa jina lake, na leso, na keki ya ghorofa mbili. Kinywa kinampongeza, na jalada la ofisini linamwita mzembe. Kila mahali atakapoomba kazi, watapiga simu huku, na huku watasoma ukurasa wa kumi na nne. Hiyo ndiyo zawadi yetu halisi, Mokeira. Sahani ni ya kufunikia.

Msidhani nawanyoshea kidole wengine. Chini ya ripoti hii kuna sahihi. Ya kwanza kabisa, kwa wino wa buluu, ni yangu. Nilipewa jioni, nikaambiwa ni utaratibu tu, na nilijua ukurasa wa kumi na nne unasema nini, maana ndio niliousoma kwanza. Nilitia sahihi kwa sababu kama lisingelaumiwa jina lake pale, lingelaumiwa langu. Nimelala na jambo hilo wiki tatu. Mke wangu anadhani ni shinikizo la damu.

Juzi nilikwenda kumwona Sheila. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, mnanijua. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanipa mtoto nimshike. Nikamweleza yote, nane kwa kila kilima, makofi, kila kitu. Akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, sasa hizo nane zilikuwa za nani?"

Mheshimiwa, wewe unalo jibu? Bwana Makori, wewe unalo? Tulisema ni za watu wetu. Mtu wetu ndiye huyo aliyeuliza.

Kwa hiyo nafanya mambo haya mbele yenu, na karani namwomba aandike. Sahihi yangu kwenye ripoti hii naiondoa leo. Barua ya kuiondoa hii hapa, Bi Mkurugenzi, na nakala nimempa Padri na Mchungaji, ili isije nayo ikawekwa chini ya mengineyo. Pamoja nayo nimeambatisha kumbukumbu za kikao cha Machi, kipengele cha saba, chenye majina ya walioinua mikono na pingamizi la Mhandisi Mokeira, neno kwa neno. Yeyote atakayepiga simu kuuliza habari zake apelekewe kurasa hizo kwanza.

La pili. Kuna wanaosema Mokeira akishaondoka tutarudisha nane kwa kila kilima, kwa kuwa azimio lile halijafutwa. Mimi ndiye niliyelileta azimio lile, na mimi ndiye ninayeomba lifutwe. Iandikwe hivi: Magwagwa, sifuri, kwa ombi la watu wa Magwagwa. Na mikaratusi ile nimeshapata fundi wa msumeno.

Mokeira, mwanangu. Uliloa mvua ya miezi mitano kwa ajili yetu, na tulipokuwa tukikucheka ulituachia dawa ndani ya mitambo, ukijua tutaihitaji. Sina uwezo wa kukurudishia kazi yako. Jina lako ninao uwezo wa kukurudishia, na ndilo nililokuja nalo. Wazazi wake, mlimlea vizuri, na sisi tulimtumia vibaya. Naomba radhi kwenu ninyi, kwake, kwa Sista Zilpa ambaye tulimnyamazisha kwa sababu ya mahali alikozaliwa, na kwako, Sheila, ingawa kwako najua radhi yangu haitoshi na haitawahi kutosha.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, nanyi mliokasirika nawashukuru zaidi kwa kutotoka nje. Keki iko tayari na kisu kiko mezani. Lakini kabla haijakatwa, wale kumi na mmoja tulioinua mikono siku ile, naomba tusimame mbele ya Sheila ili atuone.

Mimi nimeshasimama.